Je, Kunyamaza Ndiko Saburi?

Iko sifa moja itolewayo mara nyingi katika sharika zetu, kwanza kando ya kitanda cha mgonjwa na baadaye kando ya kaburi. Watu husema, "Aliumwa sana, walakini hakulalamika hata siku moja." Sifa hii ni nzuri kuisikia, wala sisemi kwamba ni ya uongo. Lakini yafaa tuipime, maana sifa hufundisha. Yale tuyasifuyo kwa wazee ndiyo watakayoyatenda vijana zamu yao ikifika. Tukisifu kunyamaza pasipo kupambanua, tutawafundisha watu kunyamaza hata mahali ambapo kunyamaza kwaleta hasara isiyorudishika.

Nataka tulipime jambo hili kwa mfano mmoja tu. Siku hizi wako wengi kati yetu watibiwao saratani kwa dawa zitiwazo katika damu, ambazo hospitalini huitwa tibakemia, na wagonjwa wenyewe huziita kemo. Kila mtu ajua kwamba dawa hizi huangusha nywele na kuleta kichefuchefu. Lakini liko dhara lingine ambalo halijulikani sana, kwa kuwa halionekani kwa macho: baadhi yake huumiza mishipa ya fahamu, na mgonjwa hufa ganzi miguu na mikono. Hapo ndipo swali letu linapokuwa zito. Mgonjwa ahisiye ganzi hii akinyamaza, je, amekuwa na saburi?

Kwanza tufahamu jinsi dhara hili lilivyo, maana hatuwezi kuhukumu tusilolijua.

Saratani ni ugonjwa wa seli, yaani chembe zinazoujenga mwili, ambazo zimeacha kukitii kipimo chake. Hugawanyika na kuongezeka pasipo kikomo. Dawa nyingi za tibakemia huzuia kugawanyika huko. Moja yake ni vinkristini, ambayo hutokana na mmea mdogo wa maua ya waridi. Asili ya mmea huo ni kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska, na leo hupandwa katika bustani nyingi za Afrika Mashariki kwa ajili ya uzuri wake tu. Katika miaka ya 1950 wataalamu wawili wa Kanada, Robert Noble na Charles Beer, waliuchunguza kwa sababu ilisemwa kwamba watibu kisukari. Kwa kisukari hawakuona faida, bali waliona kwamba hupunguza chembe nyeupe za damu. Na kwa njia hiyo watu wakapata kujua nguvu ya mmea huo juu ya saratani. Mwaka 1963 vinkristini iliruhusiwa kutumika huko Marekani.

Nchi zetu zina deni kwa dawa hii. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe mkali unaoshika taya za watoto, na hata leo ugonjwa huo huitwa kwa jina lake. Mwaka 1967 ilifunguliwa Mulago nyumba ya kuwatibu wagonjwa hao, nayo ndiyo mwanzo wa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Vinkristini ilikuwa moja ya dawa zilizotumika huko, na yatumika hata sasa. Kwa dawa za namna hii watoto waliokuwa wafe wamepona. Basi asije mtu akasoma maneno yangu na kuzikimbia dawa hizi. Wahenga walisema kwamba dawa ya moto ni moto. Wala hakuna aulaumuye moto kwa kuwa unachoma, bali twajifunza kuutumia.

Mbona basi dawa iponyayo taya huumiza mguu? Ndani ya kila seli mna vijinyuzi vyembamba mno, vyenye uwazi ndani kama mianzi. Seli ikitaka kugawanyika, huvitumia kuivuta mali yake pande mbili, kama ndugu wagawanao urithi. Vinkristini huvizuia visijengeke. Dawa nyingine, paklitakseli, iliyopatikana kwanza katika gome la mti wa misitu ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini, hutenda kinyume: huvikaza visiweze kufumuka. Kwa njia zote mbili seli haiwezi kugawanyika, nayo hufa. Lakini vijinyuzi hivyo hivyo vina kazi nyingine katika mishipa ya fahamu. Mshipa utokao karibu na uti wa mgongo hata ncha ya kidole cha mguu waweza kufika urefu wa mita moja, na mahitaji yake husafirishwa juu ya vijinyuzi hivyo kama mizigo juu ya reli. Reli ikiharibika, kituo cha mwisho ndicho kikosacho mizigo kwanza. Kwa sababu hiyo ubaya huanza katika vidole vya miguu, kisha vya mikono, ukapanda polepole, hata mgonjwa huwa kama mtu aliyevaa soksi na glavu asizoweza kuzivua.

Dawa nyingine, kama sisplatini na oksaliplatini, zimetengenezwa kwa madini ya platini. Hizi huumiza shina la mshipa lililo karibu na uti wa mgongo. Sisplatini yaweza kudhuru masikio pia. Oksaliplatini ina ajabu yake: saa chache baada ya kuipokea, mgonjwa akigusa kitu cha baridi hushtuka kama aliyechomwa, na akinywa maji ya baridi koo humbana. Anayekaa katika nchi zetu za milimani na kunawa maji ya alfajiri mwezi wa Julai atalifahamu jambo hili upesi.

Wengine husema wasikia kama sindano au sisimizi ndani ya ngozi. Wengine wasikia moto usiku, wasiweze kuvumilia hata shuka juu ya miguu. Wengine hawasikii kitu chochote. Kifungo cha shati hukataa kuingia, kikombe huponyoka, mguu haujui kama umekanyaga sakafu au godoro. Tena wenye kupatwa si wachache. Mwaka 2014 ulitolewa uchunguzi uliokusanya habari za wagonjwa zaidi ya 4,000 waliopewa dawa za namna hii. Ulionyesha kwamba katika mwezi wa kwanza baada ya kumaliza dawa, wagonjwa kama 68 katika kila 100 walikuwa na dhara hili. Baada ya miezi 3 walikuwa 60. Na baada ya miezi 6 au zaidi walibaki 30. Hivyo wengi hupata nafuu, lakini si wote. Tena kwa dawa za platini ganzi yaweza kuzidi kwa muda wa miezi hata baada ya dawa kuachwa, kama gari ambalo dereva amekwisha kukanyaga breki, nalo bado lateremka.

Labda msomaji atasema, "Ganzi ni nini mbele ya saratani? Afadhali kukosa kuhisi kuliko kukosa kuishi." Neno hili lina ukweli, nami nitalirudia. Lakini kwanza tuikumbuke habari ya ukoma, ambayo wazee wetu waliijua vema. Zamani watu walidhani kwamba ukoma wenyewe ndio ulao vidole. Paul Brand, daktari mpasuaji Mwingereza aliyeanza kazi Vellore, India, mwaka 1946, aliwachunguza wagonjwa hao, akaonyesha kwamba vidole vyao viliharibika zaidi kwa sababu hawakusikia maumivu. Walishika chungu cha moto wasijue. Walitembea juu ya kidonda wasichechemee. Maumivu ni mlinzi alalaye mlangoni mwa mwili, na mlinzi akiondolewa, mwizi huingia mchana. Basi mgonjwa wa saratani aliyekufa ganzi miguu hana ukoma, lakini amepotewa na mlinzi yule yule. Jiko la mafiga, maji ya kuoga, mwiba wa njiani, vyote vimekuwa hatari kwake.

Sasa tuliangalie swali lenyewe. Tuseme yuko mama mmoja fundi cherehani, mwenye saratani ya matiti. Amepangiwa kupewa paklitakseli mara 12, kila juma mara moja. Baada ya mara ya tano vidole vinaanza kumchonyota. Baada ya mara ya saba hawezi kuisikia sindano aliyoishika, naye hujitoboa kidole akaona damu kabla ya kusikia uchungu. Kila juma daktari humwuliza, "Habari gani, mama?" Naye hujibu, "Nzuri, daktari." Dawa huingia, mama hurudi nyumbani, na watu wa usharika humsifu kwa ushujaa wake.

Je, mama huyu ametenda vema? Nadhani ziko sababu tatu zimfanyazo anyamaze, nazo zote zinastahili kusikilizwa kwa heshima, maana hakuna hata moja iliyo ya kipumbavu.

Sababu ya kwanza ni hofu. Mama ajua kwamba akisema, daktari huenda akampunguzia dawa, au kuiahirisha, au kuibadili. Naye ahofu kwamba dawa ikipunguzwa, saratani itarudi. Kwa hiyo achagua kuvipoteza vidole ili aupate uhai. Nani atamlaumu? Walakini tazameni kwamba amechagua gizani. Adhani kila tone lipungualo ni siku ipunguayo katika maisha yake, naye hajui kama ndivyo. Mwaka 2018 madaktari wa nchi mbalimbali walitoa habari za wagonjwa zaidi ya 12,000 wa saratani ya utumbo mpana, waliokwisha kupasuliwa. Wengine walipewa oksaliplatini pamoja na dawa nyingine kwa miezi 6, kama ilivyokuwa desturi. Wengine kwa miezi 3 tu. Waliopewa miezi 6, kama 45 katika kila 100 walipata ganzi ya kuwasumbua. Waliopewa miezi 3, kama 15 tu. Na baada ya miaka 3, hesabu ya waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi ilikuwa karibu sawa: 75.5 katika 100 kwa upande mmoja, na 74.6 kwa upande wa pili. Kwa wagonjwa wengine tofauti hiyo ndogo ni kitu cha kuangaliwa. Kwa wengine, hasa wale ambao ugonjwa wao haukuwa umeenea sana, nusu ya dawa ilitosha.

Sisemi kwamba kila saratani ni kama hiyo. Mtoto mwenye ugonjwa wa Burkitt huweza kupona kabisa, na daktari wake hatapunguza dawa kwa sababu ya ganzi ndogo, wala haifai apunguze. Nisemalo ni hili: lipo jambo la kupimwa, na mizani ina vitanga viwili. Daktari ajua uzito wa kitanga kimoja, yaani nguvu ya dawa juu ya ugonjwa. Kitanga cha pili kimo mikononi mwa mgonjwa peke yake. Mgonjwa akikificha, daktari hupima kwa kitanga kimoja, na hukumu yake huwa ya upande mmoja hata kama ni bingwa. Mama yetu adhani amejitolea vidole vyake kwa hiari. Lakini sadaka ya kweli hutolewa na mtu ajuaye anachotoa na anachopata. Akisema, huenda daktari atamwambia, "Mama, yafaa tuendelee, maana zimebaki mara chache na faida yake ni kubwa." Naye aweza kujibu, "Haya, tuendelee." Hapo amevumilia kweli, macho yake yakiwa wazi. Au huenda daktari ataiondoa ile dawa moja iumizayo mishipa, na kuziacha nyingine ziendelee. Njia zote mbili zimefunguliwa na neno moja.

Sababu ya pili ni adabu. Sisi Waswahili na watu wa bara tumelelewa katika salamu. Mtu akiulizwa "Hujambo?" hujibu "Sijambo," hata kama amelala njaa, akiulizwa habari, husema ni nzuri, hata kama ametoka kuzika. Desturi hii ni njema, wala sitaki iachwe; yatufundisha kwamba jirani asitwishwe mzigo wetu kabla hajaweka chini wake. Tena daktari ana watu wengi mlangoni, na mama aona haya kumwambia habari za vidole mtu ashughulikaye na mambo ya kufa na kupona. Lakini tukumbuke kwamba salamu yetu ina ufunguo wake ndani yake. Mwenye shida hujibu, "Nzuri, lakini...", na baada ya "lakini" ndipo habari yenyewe huanza. Kila mzee ajua kungoja neno hilo. Basi katika chumba cha daktari salamu ni salamu, na baada yake iko haki ya "lakini". Ajibuye "nzuri" na kukomea hapo, akijua kwamba daktari ataandika dawa kwa kulitegemea neno lile, amevuka mpaka wa adabu. Ametoa ushuhuda usio wa kweli juu ya mwili wake mwenyewe.

Neno hili laweza kuonekana kali, basi nieleze. Hospitali kubwa zina vyombo vya kupima mishipa, tena daktari aweza kugonga goti na kuigusa miguu. Lakini katika kazi ya kila juma shahidi mkuu wa dhara hili ni mgonjwa mwenyewe. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Joto la homa laonekana katika kipima-joto, na upungufu wa damu waonekana katika maabara. Bali ganzi haina shahidi mwingine. Tena hakuna dawa iliyothibitishwa ya kuizuia isije, wala ya kuurudisha mshipa uliokufa. Mabingwa wa Marekani waliotoa mashauri yao mwaka 2014 na tena mwaka 2020 walikubali dawa moja tu ya kupunguza maumivu yake, duloksetini, na hiyo hutuliza maumivu, haiponyi mshipa. Hivyo silaha kubwa ni kuijua ganzi mapema, ingali ndogo. Na kuijua mapema kwategemea kinywa cha mgonjwa. Palipo na shahidi mmoja tu, kunyamaza kwake si jambo dogo.

Sababu ya tatu ndiyo itugusayo sisi tuliowekwa kulitunza kundi. Ni wazo kwamba kusema maumivu ni upungufu wa imani, na kwamba mtu mwenye saburi hukaa kimya. Wazo hili limetoka wapi? Ayubu ndiye asifiwaye kuliko wote kwa saburi. Lakini mtu akikisoma kitabu chake ataona kwamba Ayubu alisema sana, tena kwa uchungu, sura baada ya sura. Walionyamaza walikuwa rafiki zake, siku zile saba za kwanza, na kunyamaza kwao ndiyo heshima kubwa waliyompa. Walipoanza kumwambia jinsi ipasavyo mgonjwa aseme, ndipo walipokosea. Basi saburi haiko katika kufunga kinywa.

Iko wapi basi? Nadhani yafaa tutenge vitu viwili ambavyo kwa sikio hufanana. Kimoja ni kunung'unika, na kingine ni kushuhudia. Mnung'unikaji humtafuta mtu wa kumlaumu. Habari yake haina mwisho, wala hakuna jibu limtoshelezalo. Mwenye kushuhudia husema lililopo, kwa kipimo chake, kwa mtu awezaye kutenda jambo, kisha hungoja. Asemaye, "Daktari, tangu juma lililopita sihisi vidole vitatu vya mkono wa kuume, na sindano yaniponyoka," hakunung'unika hata kidogo. Na akiisha kusema, na kila liwezekanalo likiisha kutendwa, na ganzi ikabaki, hapo ndipo saburi ina kazi yake. Saburi huyachukua yasiyoweza kuondolewa. Yawezayo kuondolewa, saburi haikuagizwa kuyachukua.

Tena kusema huzaa matunda kuliko tudhanivyo. Huko New York palifanywa jaribio kwa wagonjwa 766 wa saratani iliyokwisha kuenea. Wengine walitibiwa kwa desturi ya siku zote. Wengine waliombwa kuandika kwa kompyuta habari za taabu 12 za kawaida, na ganzi ilikuwa mojawapo, na taabu ikizidi wauguzi waliarifiwa. Habari zilizotolewa mwaka 2017 zilionyesha kwamba walioandika taabu zao waliishi muda wa kati wa miezi 31.2, na wengine miezi 26. Hawakupewa dawa mpya ya ajabu. Waliulizwa, wakasema, wakasikiwa. Wahenga wetu hawakuwa na kompyuta, walakini walisema: mficha maradhi, kilio humfichua.

Lakini haitakuwa haki kuutwika mzigo huu wote juu ya mgonjwa. Asemaye ahitaji asikiaye. Kwa hiyo wako watu watatu wengine wenye wajibu.

Wa kwanza ni daktari na muuguzi. Wao ndio wapaswao kumwonya mgonjwa kabla ya dawa ya kwanza, na kumwuliza kila mara, tena si kwa "Habari gani?" peke yake. Ulizo jema lina mikono na miguu: "Waweza kufunga vifungo? Wasikia baridi ya sakafu? Umeanguka juma hili?" Pengine hospitali haina dawa ya kubadilisha, na daktari ajua hivyo, naye huona haya kuuliza shida asiyoweza kuiondoa. Na aulize hata hivyo. Mgonjwa aliyeonywa ataulinda mguu wake, na mgonjwa asiyeonywa atauunguza.

Wa pili ni watu wa nyumbani. Mtoto mdogo hana neno la kuitaja ganzi. Mama yake ndiye atakayeona kwamba mtoto apewaye vinkristini hujikwaa, huburura ncha ya mguu, hakubali kupanda ngazi, hulia taya anapotafuna, au hapati choo siku nyingi, maana dawa hiyo hugusa hata mishipa ya tumbo. Haya yote yasemwe hospitalini upesi. Tena watu wa nyumbani wasiseme kwamba mgonjwa amerogwa miguu. Chanzo chajulikana, na mwenye kumtafuta mchawi atampata jirani asiye na kosa. Wala wasilete vidonge na mitishamba kwa siri. Wengi wakumbuka kwamba wagonjwa wa kifua kikuu wapewao isoniazidi hulindwa na ganzi kwa kidonge cha vitamini B6, nao hudhani kila ganzi ni ile ile. Lakini njia za dawa hizi si moja. Dawa moja iliyouzwa kama chakula cha mishipa, asetili-karnitini, ilijaribiwa kwa wanawake wenye saratani ya matiti, na habari zilizotolewa mwaka 2013 zilionyesha kwamba iliizidisha ganzi. Wema uendao gizani waweza kumpiga uliyetaka kumsaidia.

Wa tatu ni sisi: wachungaji, wazee wa kanisa na makatekista, tunaokwenda kuwaangalia wagonjwa. Tukifika, tusianze kwa kumsifu mgonjwa kwa ukimya wake, maana tukiisha kumsifu hivyo, tumemfunga; ataona haya kuipoteza sifa aliyokwisha kupewa. Tuketi, tusalimu, kisha tulingojee lile neno "lakini". Likija, tusilifunike upesi kwa maneno ya faraja, bali tuulize, "Je, daktari analijua hili?" Akisema, "Hapana," tumsaidie kulipeleka, na akiona haya, tutafute ndugu wa kumsindikiza hospitalini. Tena tutazame nyumba: je, ana viatu vya kufunika vidole? Maji ya kuoga hupimwa kwa kiwiko, au na mtu mwingine? Taa ipo njiani usiku? Miguu hutazamwa kila jioni, na nyayo pia? Haya ni mambo madogo, lakini mwenye ganzi aweza kuokoka nayo na kidonda cha miezi mingi.

Nimesema nitalirudia neno la yule aliyesema kwamba afadhali kukosa kuhisi kuliko kukosa kuishi. Ndiyo, mara nyingi ni afadhali. Wako watu watakaoishi miaka mingi wakiwa na miguu yenye ganzi, nao wakiulizwa watasema kwamba hawajuti. Wako na wengine, kama yule fundi cherehani, ambao vidole ndivyo vilivyowalisha watoto, nao wakiulizwa mapema wangaliomba njia nyingine. Hao wote wawili wana haki. Wala mimi, wala daktari, wala usharika hatuwezi kumchagulia mtu lipi kati ya hayo ni zito zaidi kwake. Lakini hawezi kuchagua yeye aliyenyamaza, wala hawezi kuchaguliwa vema. Na dhuluma ya sifa yetu ni hii, kwamba tumemnyang'anya mtu uchaguzi wake, kisha tukauita unyang'anyi huo utakatifu.

Basi, ndugu, tusiitupe sifa ya saburi, tuitengeneze. Siku tutakayosimama kumshukuru Mungu kwa ajili ya mgonjwa aliyepona, au kumsindikiza aliyelala, tuseme hivi kama ndivyo ilivyokuwa: "Alisema kweli juu ya maumivu yake, akawaruhusu watu kumsaidia, na yaliyobaki aliyachukua." Kijana aliyesimama nyuma akisikia maneno hayo atajua la kufanya siku vidole vyake vitakapoanza kumchonyota.